Okei ya Baba

Jumatatu, 2 Septemba

Mhariri amenitupia makala ya ukurasa wa Jumapili. Anataka neno moja la Kiingereza lililohamia kwetu, likajijengea kibanda, na sasa halilipi hata kodi. Hayo ni maneno yake, na aliyacheka peke yake. Nikamwambia "okei" kabla hajafunga mdomo. Akashangaa nimelipata wapi haraka hivyo. Nikasema ninaishi nalo. Hakuuliza zaidi.

Ninaishi nalo kweli. Kiharusi kilipompiga Baba mwezi wa tano kiliondoka na mkono wa kulia, nusu ya mguu, na maneno yote isipokuwa hilo. Jina langu limekwenda. La marehemu Mama limekwenda. Hata "maji" — hakuna. Nyumba nzima imefagiwa, kimebaki kijiko kimoja. Kwa kijiko hicho Baba anakula, anachimba, anagongea mlango.

Leo asubuhi aliiambia chai okei. Akaliambia dirisha. Jirani wa juu alipoanza kupigilia misumari akamwambia na yeye, okei ya kushuka, kama mtu anayesukuma droo ijifunge. Kila moja na wimbo wake. Nilichelewa kazini nikisikiliza.

Jumanne, 3 Septemba

Nimekusanya ofisini. Mhariri akisema okei bila kuinua macho, maana yake toka. Mpigapicha huzisema nyingi mwishoni mwa simu, moja chini ya nyingine, kama mtu anayeshuka ngazi gizani, ndipo anakata. Daktari wa Baba aliisema siku ile kabla ya habari yenyewe. Aliweka kwanza kalamu chini. Na fundi bomba wetu! "Iko okei, dada" — yaani kanunue ndoo. Dada wa mapokezi anasema aliwahi kumwandikia mchumba wake ujumbe mrefu, wa kulia na kusaga meno, akajibiwa okei na nukta. Okei ningeisamehe, anasema. Ile nukta!

Nimeandika zote. Zinachekesha. Makala itajiandika yenyewe.

Jioni Kaka akapiga simu. Anaishi mji mwingine, nusu siku kwa gari. Nikaweka spika, simu juu ya goti la Baba. Kaka alieleza taratibu na kwa heshima, siwezi kumlaumu. Chumba kipo. Hakuna ngazi. Wifi ni muuguzi. Wajukuu wamejaa, hatakosa wa kumchokoza. Baba, njoo ukae kwetu, sasa moja kwa moja. Unakubali?

"Okei," akasema Baba.

"Umesikia, mdogo wangu?" Sauti ya Kaka ilijaa chumba. "Amekubali! Jumamosi tunafika, Jumapili tunaondoka naye."

Mimi nilikuwa namtazama Baba. Baba alikuwa anatazama pazia. Lilijaa upepo, likapungua, likajaa. Okei yake haikupanda wala haikushuka. Ilipita tu, kama mtu anayekatiza ua wa jirani.

Jumatano, 4 Septemba

Siku ya mwalimu wa kuongea. Ndivyo tunavyomwita, jina la kazi yake ni refu kuliko kliniki yenyewe. Msichana mwembamba, raba nyeupe, hana haraka. Alimshika Baba mkono wa kushoto akaimba naye. Baba aliimba okei, ubeti mzima, bila kupoteza sauti. Mwalimu akacheka, Baba akacheka. Jua lilikuwa limelala sakafuni, vumbi likielea ndani yake. Kwa muda sikukumbuka nimefuata nini pale.

Kisha nikakumbuka. Nikauliza: akisema okei kwa swali, amejibu?

Hapana, alisema. Anaelewa, na pengine anaelewa zaidi ya unavyohofia. Lakini mdomo wake sasa ni nyumba ya mlango mmoja. Njaa inatokea hapo, hasira inatokea hapo, ndiyo na hapana zinapishana hapo hapo. "Usimpime kwa mdomo, mama."

"Nimpime kwa nini?"

"Kabla hajaugua, alikuwa anakubalije jambo? Si maneno. Mwili wake."

Nilikaa na swali hilo kama mtu aliyeulizwa rangi ya mlango wake mwenyewe. Nimeripoti mabunge, mafuriko, kesi za mauaji. Naweza kueleza jinsi mawaziri kadhaa wanavyokohoa wakitaka kudanganya. Baba anakubalije jambo? Sijui.

Alinisindikiza hadi mlangoni akaongeza, kwa sauti ya chini, nisimuulize mzee swali ambalo jibu lake ninalo tayari mfukoni.

Ninalo. Nataka abaki. Basi mimi si shahidi mzuri. Nina maslahi katika habari hii. Ningekuwa mhariri ningeipa mwandishi mwingine.

Na Kaka ana hoja. Ghorofa ya tatu, lifti hakuna. Mimi saa zangu hazina mwenyewe. Jirani wa chini hukaa naye nikiwa kazini, ila wiki iliyopita alishuka mara moja tu kuzima jiko, na Baba akaanguka kwenye korido. Alikutwa amelala chali anatazama taa. Jirani aliponyanyua simu kuniita, nilimsikia Baba nyuma yake. Okei. Okei. Ya kumtuliza jirani, nadhani. Nadhani! Kazini neno hilo hulikata kwa kalamu nyekundu.

Alhamisi, 5 Septemba

Nilisinzia mchana kwenye kiti, gazeti usoni. Nikaota gazeti. Limechapwa neno lake moja, mwanzo hadi mwisho — kichwa cha habari, michezo, bei za mazao, matangazo ya vifo. Nililisoma lote na nikaelewa kila habari. Ya vifo ilikuwa na herufi ndogo, nzuri. Hali ya hewa ilikuwa njema.

Niliamka, mashuka yamejaa upepo kwenye kamba ya roshani. Baba amekaa mbele yake na ameinamisha kichwa, jicho moja limefumbwa. Anayakagua. Alifanya kazi maisha yake yote mbele ya karatasi kubwa nyeupe, sasa ana mashuka. "Okei," akaliambia la kwanza. Akangoja. Akaliambia la pili.

Ijumaa, 6 Septemba

Makala inatakiwa leo. Asubuhi nikaenda kwa Wino, nikijiambia naenda kutafuta aya ya mwisho. Wino ni jina la utani. Alifanya kazi chini ya Baba kwenye kiwanda cha kuchapa. Siku hizi ana kibanda cha kutengeneza mihuri nyuma ya posta. Vidole vyake bado vyeusi kwenye kucha. Alinipa kigoda, akaanza na Baba kabla sijaanza na neno.

"Mzee Gonga hajambo?"

Nimesikia watu wakimwita Baba Gonga tangu nikiwa mtoto. Sisi nyumbani tulidhani ni kwa sababu ya hasira zake za ujanani. Leo nikauliza. Wino alinitazama kama nimemuuliza jua linachomozea wapi.

"Binti, nyinyi mliishi naye kweli au mlipanga tu?"

Akaeleza, mikono ikifanya kazi yote. Mle ndani, mashine zikiwaka, mtu hasikii hata mawazo yake. Mdomo ulikuwa pambo. Unamwona mwenzio midomo inacheza, unamjibu okei, maana yake tu nimekuona, endelea na hamsini zako. Okei ya mdomo haikuwasha mashine. Karatasi ya kwanza ikitoka, inapelekwa kwa Baba. Anaiinua kwenye mwanga, anapitisha kidole gumba pembeni, anainusa. Anaiweka. Halafu anaweka mkono wa kulia juu ya chuma cha mashine, vifundo vya vidole chini. Hapo kila mtu anasimama. Akigonga mara mbili — washa. Asipogonga, mkono ukiwa bado umekaa pale, hagusi mtu swichi, hata mkurugenzi.

"Na akiuondoa bila kugonga?"

"Karatasi inarudi. Tunaanza upya, na matusi juu."

Palitokea siku moja, akasema, amekuja msimamizi mpya, msomi, haraka nyingi. Kampelekea Baba karatasi ya kalenda ya mwaka, akapiga kelele: okei, mzee? Baba, yuko kwenye mashine nyingine na hajageuka, akajibu okei. Yaani nimekusikia. Msimamizi akawasha. Zikachapwa mpaka chumba kikajaa. Mwaka ule ulikuwa na Agosti mbili, binti! Ya pili ilikaa pa Septemba, na hakuna aliyeiona mpaka zimefungwa maboksi. Wino alicheka mpaka akashika kibanda. Wenyewe walizigawana, wakazibandika majumbani. Mke wake alidai kupewa sikukuu zake zilizopotea.

Na mimi ile kalenda naikumbuka! Ilikuwa ukutani jikoni. Agosti na Agosti. Nilidhani ndivyo miaka ilivyo, mingine mirefu zaidi.

Nikatembea kurudi, sioni barabara vizuri. Mambo yalikuwa yanakuja yenyewe, bila mpangilio. Baba na meza ya chakula: vifundo, mara mbili, ndipo tunaanza kula. Tulidhani ni kutuita. Halafu siku niliyomwambia naacha chuo cha ualimu niende gazetini. Alisema okei. Nikamkimbilia Mama: Baba kakubali! Mama akasema ngoja. Ilipita wiki nzima, hasemi, ananitazama kama karatasi iliyoinuliwa kwenye mwanga. Kisha asubuhi moja nakunywa chai akapita nyuma yangu, akagonga meza, kwa kwa, akaenda kazini. Mama akasema: haya, kafungashe.

Mama alijua. Hakutuambia kwa sababu hakuna aliyeuliza.

Nimepeleka makala. Fundi bomba yumo, mchumba wa nukta yumo. Baba hayumo. Mhariri kaisoma yote, kasema okei, na safari hii aliinua macho.

Jumamosi, 7 Septemba

Wamefika mchana. Wifi kaingia na mito miwili, dawa ya kuchua na sauti ya kujaza ngazi zote tatu. Kamkagua Baba kucha, masikio, visigino. "Mkwe wangu, huyu mwanao amekutunza, sitasema uongo. Ila nyembe hajui." Kamnyoa. Baba aliinua kidevu, macho yamefumbwa, na kila wembe ulipopita akasema okei ndogo, laini, kama povu linalopasuka. Kaka amesimama mlangoni anatazama. Amezeeka mabegani. Alikuwa analia bila kujifuta, kama jasho tu.

Baada ya chakula, Baba amelala, nikawaeleza. Mkono. Chuma. Kugonga mara mbili. Agosti mbili — hapo Kaka alicheka, naye anaikumbuka. Nikasema ile okei ya kwenye simu si jibu. Ni nimekusikia tu.

"Vyanzo vyako?" Kaka ananitania hivyo tangu nianze kazi.

"Wino. Na meza ya Mama."

Akapangusa makombo, akayakusanya rundo dogo. "Na mkono wenyewe ni upi?"

"Wa kulia."

"Wa kulia umekufa, mdogo wangu."

Hakusema kwa ubaya. Nilikuwa nimeliona tangu jana kwenye kibanda cha Wino na nimelizunguka kama shimo. Asipogonga, ni kwamba hataki, au hawezi?

"Basi atakaa hapa akingoja mkono ufufuke?" Kaka akasema. "Aanguke tena kwenye korido, mara hii asikutwe na mtu?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema nini?"

"Nimesema hatujui."

"Wewe kusema hujui ni kazi yako," akasema. "Mimi nikisema sijui, mzee anabaki sakafuni."

Wifi akatukata wote wawili. Akasema sisi tunagombania mdomo wa mtu kama watoto wanavyogombania redio. Kesho aulizwe kwa upole, mara moja, mezani, ameshiba, hana usingizi. Tukishaondoka tumeondoka. Nikakubali. Nikaona nimesema "okei" nilipokuwa nakubali, na wote watatu tukatazamana.

Mchana wote ulibaki hivyo, mzito na wa njano. Wifi kasinzia mkekani, Kaka kasinzia na kidole kwenye mshikio wa begi. Baba peke yake yuko macho. Nilikaa karibu yake. Nje mtoto fulani alikuwa anamwita mwenzake, anamwita, na mwenzake haitiki. Baba akanitazama muda mrefu. Akasema neno lake, kwa wimbo ambao sijawahi kuusikia, wa kupanda kidogo mwishoni. Sikulitafsiri.

Jumapili, 8 Septemba

Makala imetoka, ukurasa wa kumi na saba, chini ya tangazo la magodoro. Nikampa Baba gazeti. Hakusoma. Aliliinua kwa mkono wa kushoto hadi kwenye mwanga wa dirisha. Kidole gumba pembeni. Akalinusa. Nikamtazama Kaka, Kaka akatazama pembeni. Ameona.

Begi lilikuwa tayari. Mito imeshashushwa garini. Wifi alimvisha Baba shati jeupe, akalifunga hadi juu. Chai ikanywewa. Kaka akavuta kiti akakaa uso kwa uso naye — mezani, kama tulivyopatana. Naandika haya kwenye kiti cha pembeni ya friji. Mikono yangu inataka kazi.

Kaka aliuliza vizuri. Simpunguzii. Alisema: Baba, tunataka twende nawe kwetu, ukae huko, si kutembea. Hapa utaacha. Nyumba hii, dirisha hili. Ukitaka, twende. Usipotaka, mimi ni mwanao, sitakubeba kama mzigo.

"Okei," akasema Baba.

Hakuna aliyesogea. Kaka alifungua mdomo, nadhani kushukuru, akaufunga.

Kwa sababu mkono wa kushoto ulikuwa unashuka. Ulitoka mezani, ukaenda kwenye paja, ukautafuta ule wa kulia, ukaushika kifundoni. Akaunyanyua. Polepole, kwa jasho, kama mtu anayetoa ndoo kisimani. Wifi alitaka kumsaidia, Kaka akamzuia kwa kidole kimoja. Mkono uligonga ukingo wa meza ukateleza — hapana, huko si kugonga, uliteleza tu, nilitazama — akauokota tena. Akauweka juu ya meza. Akaukunja vidole kimoja kimoja kwa mkono mwingine. Vifundo chini.

Kisha akauachia. Ukabaki pale wenyewe.

Chini barabarani gari la Kaka liliwashwa zamani. Amemwachia jirani funguo apashe injini moto. Tunalisikia wote. Jua limepanda mezani, limefika kwenye vikombe. Sasa limefika kwenye mkono. Baba anautazama, jicho moja amelifumba. Kaka amesimama taratibu, amekwenda dirishani, na ameita kwa sauti ndogo kwa mtu aliye ghorofa tatu chini: "Zima."

Ameita tena. Injini imezimwa.

Mkono uko mezani. Sijasikia kitu. Tumesimama wote, hagusi mtu kitu